Kwa Nini Gari la 4x4 Hukwama? Fahamu Kinachozungusha Magurudumu ya Ambulensi

Mvua ikinyesha usiku kucha upande wa Kasigau, njia ya udongo mwekundu inayotoka Maungu kupitia Buguta hadi Rukanga hubadilika. Jana ilikuwa vumbi, leo ni utelezi. Ambulensi ikiitwa alfajiri kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua, kuna jambo dogo linaloweza kuamua kama atafika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi kwa wakati. Jambo lenyewe ni kama dereva ameshuka kabla ya kuingia kwenye tope na kuzungusha vifundo viwili vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele.

Wakazi wengi huamini kwamba gari likiwa limeandikwa 4x4 ubavuni haliwezi kukwama. Linapozama na kuanza kurusha matope, watu hushangaa. Wengine humlaumu dereva, wengine barabara, wengine fundi. Mara nyingi gari lenyewe ni zima, ila nguvu ya injini haijafika kwenye magurudumu yanayogusa ardhi ngumu.

Kaunti ya Taita Taveta ina kila aina ya mtihani kwa gari la kazi. Mji wa Voi uko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Vuria katika milima ya Taita kiko mita 2,208. Kati ya hapo kuna kona za Mwatate kwenda Wundanyi, mwinuko wa Sagalla, makorongo ya mchanga nyikani, na udongo mweusi unaonata katika mashamba ya Taveta. Vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei huongeza ugumu huo. Makala hii inaeleza jinsi mfumo wa 4x4 unavyofanya kazi, kwa nini unaweza kushindwa, na mkazi anaweza kufanya nini anapokutana na gari lililokwama.

NGUVU INATOKA WAPI, INAKWENDA WAPI

Magari mengi yanayotumika kama ambulensi za mashambani, magari ya polisi na pikapu za kazi nchini Kenya ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, uliozinduliwa mwaka wa 1984. Mfumo wake ni wa zamani na hauna mambo mengi. Hiyo ni sababu moja ya mafundi kuupenda, kwani karibu kila kitu kinaweza kufunguliwa kwa spana na kuonekana kwa macho.

Nguvu huanzia kwenye injini. Hupita kwenye klachi, kisha kwenye giaboksi, ambako dereva huchagua gia ya kwanza, ya pili na kuendelea. Nyuma ya giaboksi kuna sanduku jingine la gia linaloitwa transfa. Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Kutoka kwenye transfa hutoka vyuma viwili virefu vinavyozunguka, yaani propela: mmoja huenda nyuma na mwingine mbele. Kila propela huingia kwenye difu, lile duara la chuma linaloonekana katikati ya ekseli ukiinama chini ya gari. Difu hugeuza mzunguko na kuugawa kwa gurudumu la kushoto na la kulia.

Katika hali ya kawaida, transfa hupeleka nguvu nyuma pekee na magurudumu ya mbele hufuata tu. Kwa hiyo Land Cruiser inayopita katikati ya Voi kwenye lami huwa inasukumwa na magurudumu mawili, sawa na lori la kawaida.

DIFU: RAFIKI KWENYE KONA, ADUI KWENYE TOPE

Ili kuelewa kwa nini magari hukwama, anza na difu. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Chukua kona kali ya mlimani inayokugeuza ukatazama ulikotoka. Ikiwa umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni mita 1.5, gurudumu la nje litasafiri karibu mita 4.7 zaidi ya la ndani kabla kona haijaisha. Kama magurudumu hayo yangefungwa pamoja kwa chuma kimoja, moja lingelazimika kuburuzwa. Tairi lingelika haraka na gari lingegoma kugeuka.

Difu huondoa tatizo hilo. Ndani yake kuna meno madogo yanayoruhusu gurudumu moja kuzunguka haraka kuliko jingine huku yote mawili yakiendelea kupata nguvu. Kwenye lami ni msaada mkubwa.

Lakini difu ya kawaida ina udhaifu mmoja. Haiwezi kulipa gurudumu moja nguvu nyingi kuliko lenzake. Tairi la kushoto likiwa kwenye tope laini, linahitaji nguvu kidogo sana ili kuzunguka. La kulia, hata likiwa juu ya mwamba mkavu, litapata nguvu hiyo hiyo kidogo, ambayo haitoshi kusukuma gari. Matokeo yake ni picha ambayo kila mkazi ameiona: tairi moja linazunguka kwa kasi na kurusha matope, lile la upande wa pili limetulia kimya. Kukanyaga mafuta zaidi hapo huchimba shimo tu.

Mkulima wa Taveta aliyewahi kuendesha trekta anajua dawa ya hali hii. Trekta nyingi zina pedali ndogo ya kufunga difu, ili magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kama kitu kimoja. Baadhi ya Land Cruiser zina kufuli kama hilo, linalowashwa kwa swichi, lakini nyingi hazina.

MKONO MFUPI WA GIA

Pembeni ya mkono mkubwa wa gia kuna mwingine mfupi. Huu ndio unaotawala transfa, na una nafasi nne.

H2 ni ya kila siku: nguvu inakwenda nyuma pekee, kwa mwendo wa kawaida.

H4 ni ya njia yenye utelezi: propela ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja na kuzunguka sawasawa, bado kwa mwendo wa kawaida. Sasa ili gari likwame, ni lazima angalau tairi moja la mbele na moja la nyuma yateleze kwa wakati mmoja. Inaweza kutokea, lakini ni nadra zaidi.

N ni ya katikati, ambapo hakuna nguvu inayokwenda kwenye magurudumu.

L4 ni gia nzito: magurudumu yote manne yanapata nguvu, na mwendo unapunguzwa ili nguvu iongezeke.

Jambo muhimu ni wakati wa kubadilisha. Dereva mzoefu huingiza H4 kabla ya tope. Akisubiri mpaka gari lizame hadi kwenye ekseli, magurudumu ya mbele nayo yatakuwa yamekwama, na msaada wake utakuwa mdogo. L4 huingizwa gari likiwa limesimama au likijongea taratibu sana, klachi ikiwa imekanyagwa. Kuilazimisha gari likiwa kwenye mwendo huvunja meno ya gia.

HABU: KOSA LINALOCHUKUA DAKIKA MOJA KUZUIA

Kwenye magari mengi ya aina hii, kusogeza mkono mfupi peke yake hakutoshi. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifundo kinachozungushwa kwa mkono, kilichoandikwa FREE upande mmoja na LOCK upande wa pili. Hiyo ndiyo habu.

Habu ikiwa kwenye FREE, gurudumu la mbele limetenganishwa na ekseli yake. Gari likiwa kwenye H2 hilo ni jambo jema: propela na difu ya mbele havizungushwi bure, kwa hiyo vyuma havichakai na mafuta huokolewa kidogo. Lakini dereva akiingiza H4 habu zikiwa bado kwenye FREE, transfa itazungusha propela ya mbele, propela itazungusha difu, na nguvu itaishia hapo. Magurudumu ya mbele hayatapata chochote. Taa ya 4x4 inaweza kuwaka mbele ya dereva, naye akaamini anaendesha kwa magurudumu manne ilhali ni mawili tu.

Habu zote mbili lazima ziwe kwenye nafasi moja. Moja ikifungwa na nyingine ikaachwa wazi, difu ya mbele itapeleka mzunguko kwenye ule upande usioshika kitu, na ekseli itazunguka bure kama tairi lililo kwenye tope.

Ndiyo maana dereva anayeondoka Voi kwenda njia mbaya wakati wa mvua hufunga habu mahali pakavu, kabla ya kuacha lami. Kuzifunga hakuharibu chochote kwenye lami mradi mkono mfupi ubaki kwenye H2. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Kuifanya gari likiwa limezama, gizani, huku mgonjwa akisubiri nyuma, ni jambo jingine kabisa.

KWA NINI 4x4 HUONDOLEWA KWENYE LAMI KAVU

Wapo wanaojiuliza: kama magurudumu manne ni bora, kwa nini yasiachwe kwenye 4x4 siku zote? Jibu liko kwenye kona za Mwatate kwenda Wundanyi.

Kwenye kona, magurudumu ya mbele husafiri umbali tofauti na ya nyuma. Magari haya hayana difu kati ya propela ya mbele na ya nyuma. Kwenye H4 zimefungwa pamoja, kwa hiyo tofauti hiyo haina pa kwenda. Kwenye matope au changarawe, tairi huteleza kidogo na mkazo hutoweka. Kwenye lami kavu tairi halitelezi, na mkazo hujikusanya ndani ya vyuma kama kamba inayosokotwa.

Dereva huhisi usukani umekuwa mzito, gari linasita kwenye kona, na mkono mfupi unakataa kurudi H2. Akiendelea hivyo, matairi hulika upesi, na krosi za propela, meno ya transfa na ekseli hupata madhara. Vyuma hivyo vikivunjika, gari huegeshwa gereji likisubiri vipuri, na kwa ambulensi maana yake ni kwamba wadi fulani imebaki bila gari la dharura.

Mkazo huo huo huletwa na matairi yasiyolingana. Matairi mapya makubwa yakiwekwa nyuma na yaliyolika yakabaki mbele, hayazunguki sawa hata kwenye njia iliyonyooka. Matairi manne ya kipimo kimoja ni sehemu ya mfumo wa 4x4.

GIA NZITO: KUPANDA NA, HASA, KUSHUKA

L4 hufanya kazi kwa hesabu rahisi. Chukua mfano wa gari la kazi ambalo gia yake ya kwanza hupunguza mzunguko mara 4.5, transfa kwenye L4 ikapunguza tena mara 2.5, na difu mara 4. Zidisha: 4.5 kwa 2.5 kwa 4 ni 45. Injini inazunguka mara 45 ili gurudumu lizunguke mara moja. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gurudumu lenye mzingo wa mita 2.5 litakwenda kama mita 55 kwa dakika, yaani kilomita 3 na kidogo kwa saa. Mtu anayetembea kwa haraka atalipita.

Kinachopotea kwenye mwendo hupatikana kwenye nguvu. Gari linaweza kupanda mwinuko wenye mawe bila dereva kukanyaga mafuta kwa fujo na bila klachi kuungua.

Faida kubwa zaidi iko kwenye kushuka. Dereva anayeteremka Sagalla au njia za Mgange akitegemea breki peke yake huzipasha moto. Breki zikipata joto kupita kiasi hulegea, na pedali inaweza kuzama bila gari kupungua mwendo. Kwenye L4 na gia ya kwanza, injini yenyewe hulishikilia gari. Dereva huondoa mguu kwenye mafuta, haukanyagi klachi, na gari hushuka polepole. Breki hubaki baridi kwa ajili ya dharura.

YALE AMBAYO 4x4 HAIWEZI

Mfumo huu husaidia gari kuondoka na kupanda. Hausaidii kusimama. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, liwe 4x4 au la. Land Cruiser kwenye barabara iliyolowa huhitaji umbali mrefu kusimama, pengine mrefu kuliko gari dogo, kwa sababu ya uzito wake. Dereva anayekimbia kwenye mvua kwa sababu tu anaendesha 4x4 amekosea.

Pia haishindi mafuriko. Mto Voi na makorongo mengi ya nyikani huweza kujaa ghafla, hata kama hapo ulipo hakujanyesha, kwa kuwa maji hutoka milimani. Maji yanayokwenda kwa kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo. Yakifika sentimita 60, yanaweza kubeba magari mengi, pikapu na 4x4 zikiwemo. Maji hulisukuma gari ubavuni na wakati huo huo kulielesha, matairi yakapoteza mshiko. Tairi ambalo haligusi chini haliwezi kusukuma chochote. Korongo likijaa, subiri maji yapungue.

JE, GARI LAKO NI LA AINA GANI?

Si kila gari lina mfumo huu. Probox nyingi huvutwa na magurudumu mawili ya mbele. Pikapu za Hilux zenye 4x4 zinafanana na Land Cruiser tuliyoieleza: huwashwa inapohitajika na kuzimwa kwenye lami. Prado nyingi na Subaru Forester hupeleka nguvu mbele na nyuma wakati wote, na zina kifaa cha katikati kinachoruhusu tofauti ya mzunguko, kwa hiyo hazidhuriki kwenye lami. Prado ikiwa na swichi ya kufunga difu ya katikati, swichi hiyo huzimwa pindi gari linaporudi kwenye lami kavu. Soma kitabu cha gari lako, au umuulize fundi unayemwamini kabla ya mvua kuanza.

BAADA YA SAFARI

Safari ya matope haiishii hospitalini. Difu iliyopata moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na inaweza kuvuta maji kupitia kwenye sili. Dalili yake ni oili ya difu kugeuka rangi kama chai ya maziwa. Oili hiyo ni lazima ibadilishwe, kwani meno ya difu hayadumu ndani yake. Krosi za propela hupigwa grisi. Habu hurudishwa FREE, na hata miezi ya kiangazi hufungwa mara kwa mara kwa safari fupi ili oili ifike kwenye vyuma vya mbele na vifundo visishike kutu.

MKAZI ANAWEZA KUSAIDIA VIPI

Wakazi ndio huwa wa kwanza kufika gari linapokwama. Kabla ya kusukuma:

1. Muulize dereva kwa upole kama habu zimefungwa na kama ameingiza H4 au L4. Swali hilo peke yake linaweza kumaliza kazi.

2. Mwambieni aache kukanyaga mafuta. Tairi likizunguka bure, shimo linazidi kuwa refu.

3. Chimbeni matope mbele ya matairi yote, mweke mawe, matawi au mikeka. Elekezeni nguvu kwenye tairi linalozunguka, kwani ndilo linalohitaji kitu cha kushika.

4. Msisimame nyuma ya tairi linalozunguka. Jiwe linalorushwa linaweza kuvunja mfupa.

5. Kamba au waya wa kuvuta ukikazwa, watu wote wakae mbali nao, na watoto waondolewe kabisa. Ukikatika hupiga kama mjeledi.

6. Gari likitoka, lipisheni liende. Mgonjwa bado yuko safarini.

Magari haya yamenunuliwa kwa kodi ya wananchi, na mkazi ana haki ya kujua yanavyopaswa kutumiwa. Ukiona gari la umma linakimbizwa ovyo kwenye njia ya matope au limebebeshwa mzigo kupita kiasi, andika nambari yake, mahali na saa, kisha utoe taarifa katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako.

Na alfajiri ile ya Kasigau, ambulensi ikisimama dakika moja pale Maungu kabla ya kuacha lami, na dereva akashuka na kuinama kwenye gurudumu la mbele la kushoto, kisha la kulia, asiharakishwe. Dakika hiyo ndiyo itakayomfikisha mama hospitalini.